Kutoa ni moyo, lakini si moyo peke yake: usonji, kugawana na kujizuia

Ilikuwa Ramadhani, Wete, Pemba, dakika chache baada ya adhana ya magharibi. Mpwa wangu, miaka tisa, alikuwa na sambusa nne kwenye kisahani chake. Mtoto wa wageni akanyoosha mkono achukue moja. Mpwa wangu akakivuta kisahani, akakifunika kwa kifua na kupiga ukelele uliowafanya watu wazima wainue nyuso kutoka kwenye bakuli za uji. Bi mkubwa mmoja, ambaye kwa kweli anampenda sana mtoto yule, akasema bila kupunguza sauti: "Mchoyo huyu, mkono wa birika toka mdogo."

Wiki chache baadaye ikaja sikukuu. Mtoto huyo huyo alirudi nyumbani mifuko mitupu. Mkono wake wa Idi wote, noti alizozikusanya nyumba kwa nyumba, kampa kijana wa mtaa wa pili. Tulipomuuliza sababu, akajibu: "Kaniambia nipe." Basi. Bi mkubwa yule yule akatikisa kichwa: "Maskini, mjinga."

Mchoyo na mjinga ndani ya mwezi mmoja, na mtoto ni yule yule. Mpwa wangu ana usonji, na haya majina mawili ndiyo yaliyonifanya nianze kusoma. Maana mtu hawezi kuwa bahili siku ya kumi ya mfungo kisha akawa mtoaji kupita kiasi siku ya Idi bila ya kuwepo kitu kingine kinachoendesha mambo yote mawili.

Wazee wetu wamesema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Walikuwa wanawasema wale wanaojificha nyuma ya umaskini, na hapo wamesema kweli. Lakini methali hiyo imetuachia tabia ya kuhukumu moyo wa mtu kwa kuutazama mkono wake, na kwa mwenye usonji hukumu hiyo mara nyingi inakosea njia.

Usonji, kwa ufupi, ni namna ubongo wa mtu unavyokua na kufanya kazi tangu utotoni. Hauambukizi, hauletwi na malezi ya mama, na hakuna kipimo cha damu cha kuuonesha. Hutambuliwa kwa kuangalia mwenendo na historia ya mtoto. Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa mwaka 2021 karibu mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa na usonji. Wako wasiosema kabisa, na wako waliomaliza chuo kikuu. Kinachowakutanisha ni ugumu wa mawasiliano ya kijamii, haja ya mambo kwenda kwa mpango ule ule, na hisia za mwili zilizo kali au hafifu kuliko za wengine: sauti, harufu, mguso.

Sasa turudi kwenye ile sambusa.

Kumpa mwenzako sambusa moja ni jambo la kufumba na kufumbua, lakini ndani yake mna shughuli. Lazima ujue kanuni, kwamba mgeni hupewa. Lazima utambue kuwa huyu hapa ndiye mgeni, na mkono wake ule ni ombi, si unyang'anyi. Halafu ukisie yaliyomo vichwani mwa watu: nikimpa atafurahi, nisipompa mama ataona haya, na kesho kwao nitatazamwa vibaya. Na wakati yote hayo yanapita kuna mkono wako mwenyewe, wenye njaa, unaotaka kukivuta kisahani. Huo nao uuzuie. Sisi tuliokulia kwenye sinia tunafanya haya yote bila kujua kama tunayafanya. Mwenye usonji anaweza kuimudu sehemu moja kuliko hata sisi, nyingine ikamshinda, na sisi tukaona mwisho wake tu: hakutoa.

Michezo ya kugawana fedha

Mwaka 1982 mchumi wa Kijerumani Werner Güth na wenzake wawili walichapisha mchezo mwepesi sana. Watu wawili wasiojuana. Mmoja anapewa fedha, anapendekeza mgao. Wa pili akikubali, kila mmoja anachukua chake. Akikataa, wote wanakosa. Kwa hesabu kavu, wa pili angekubali hata senti moja, kwani senti moja ni bora kuliko patupu. Watu hawafanyi hivyo. Mgao mdogo sana hukataliwa kwa hasira, na kwa kuwa mgawaji analijua hilo, mara nyingi hupendekeza kitu cha karibu na nusu.

Baadaye ukaja mchezo wa pili, ambao ndani yake mpokeaji hana sauti kabisa: akipewa, kapewa, akinyimwa, kanyimwa. Watu hutoa kidogo zaidi hapo, ingawa wengi hawaachi kutoa. Tofauti kati ya michezo hii miwili ndiyo inayosema jambo. Kile unachotoa huku mwenzako akiwa na nguvu ya kukataa kina siasa ndani yake. Kile unachotoa huku hana nguvu yoyote kiko karibu zaidi na moyo.

Mtu asije akadhani kuna kiwango kimoja cha kutoa kwa binadamu wote. Joseph Henrich na wenzake waliupeleka mchezo wa kwanza kwa jamii ndogo ndogo za dunia na kuchapisha matokeo mwaka 2001. Wahadzabe wa kwetu Tanzania, wanaoishi karibu na Ziwa Eyasi, walipendekeza migao midogo kuliko wengi. Wavuvi wa nyangumi wa Lamalera, Indonesia, walitoa hata zaidi ya nusu. Kule nyama ya nyangumi hugawanywa kwa taratibu kali na hakuna anayevua peke yake. Waorma wa Kenya walipochezeshwa mchezo mwengine, wa kuchangia mfuko wa pamoja, wakaupa jina papo hapo: huu mchezo wa harambee. Maana yake kila mtu aliingia mchezoni na desturi za kwao mfukoni. Mpemba angeingia na sahani ya futari.

Kwenye jamii ya watu wenye usonji, mwaka 2006 David Sally na Elisabeth Hill walichapisha utafiti wa michezo ya namna hii kwa watoto na watu wazima, wenye usonji na wasio nao. Jambo la kwanza waliloliona ni kwamba tofauti zilikuwa ndogo kuliko walivyotarajia. Wenye usonji hawakuwa wabahili. Penye tofauti palikuwa pengine: walipata taabu zaidi kubadilisha mbinu pale mchezo ulipobadilika, na walikuwa wepesi zaidi kukubali mgao mdogo wa mwanzo ambao wengine wangeukataa.

Isome tena sentensi hiyo ya mwisho. Kukubali mgao mdogo. Kijana wa mtaa wa pili hakuwa amesoma utafiti wowote, lakini alilijua hilo vizuri.

Kutoa bila ya kutazamwa

Utafiti ulionikaa zaidi kichwani ni wa Keise Izuma na wenzake, uliotoka mwaka 2011. Watu wazima wachache wenye usonji, na wengine wasio nao, waliambiwa waamue kuchangia fedha kwa shirika la hisani. Mara nyengine waliamua wakiwa peke yao, mara nyengine kuna mtu kakaa anawatazama. Wasio na usonji walichangia zaidi walipotazamwa, kama ambavyo kila mpitisha kikapu msikitini anavyojua. Wenye usonji walitoa sawasawa, kuna mtu au hakuna.

Labda hawakumuona aliyekaa pale? Walimuona. Kwenye kazi nyengine isiyohusu kutoa, ya kukaza macho na kubonyeza kitufe, makundi yote mawili, wenye usonji na wasio nao, walifanya vizuri zaidi palipokuwa na mtazamaji. Kwa hiyo jicho la mtu liliwagusa. Kilichokosekana ni ile hesabu ya "huyu ataniona mtu wa namna gani".

Sisi tuliopita chuoni kwa maalimu tunalo jina la hesabu hiyo tangu tuko wadogo. Inaitwa riya. Na tumefundishwa sifa ya yule anayetoa sadaka kwa siri, hata mkono wake wa kushoto usijue wa kulia umetoa nini. Watafiti waliandika matokeo yao kama upungufu, kwamba watu hawa hawajali sifa zao. Mimi niliposoma nilicheka peke yangu, kwa sababu kipimo hicho hicho, angekishika maalimu wangu, angeandika ikhlasi, yaani usafi wa nia.

Sisemi kwamba wenye usonji ni mawalii. Kuna anayetoa sawasawa kwa kuwa hakutoa kitu mara zote mbili. Na mwaka 2013 Eilidh Cage na wenzake walionesha kuwa uwezo wa kufikiria sifa upo kwa watu wazima wenye usonji. Ila hawautumii mara kwa mara kama wengine. Ni kama mtu anayejua kuendesha gari lakini haoni sababu ya kulitoa nje kila siku.

Ila tuwe waadilifu: sehemu kubwa ya ugawanaji wetu hapa visiwani inakwenda kwa mafuta hayo ya kuonekana. Mtu anakula barazani, wewe unapita, anakwambia karibu. Jibu ni "starehe", na unaendelea na safari yako. Karibu ile ni salamu. Namjua mtu mzima mmoja ambaye kila akikaribishwa hukaa akala, na nusu ya mtaa inamcheka, nusu inamkwepa wakati wa chakula. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kuna karibu mbili. Au tuseme nyanya, kwetu tungule, pale sokoni Chake Chake. Unalipia fungu, muuzaji anakutilia moja juu, nyongeza. Muuzaji anayepima sawa kabisa na asikutilie kitu huitwa mchoyo, ingawa hakukupunja hata chembe. Kwa mwenye usonji fungu ni fungu. Ukimweleza kuwa nyongeza ni sehemu ya bei atakutilia kila siku, mvua au jua. Usipomweleza, hatakisia.

Vipi kuhusu kujizuia?

Hapa ndipo watu wengi, na walimu wengine wa skuli, wanapokimbilia: "Hawezi kujitawala." Mambo yana fundo zaidi ya hilo.

Kwa watoto wa kawaida kujizuia kuna nafasi yake kwenye kugawa. Mwaka 2012 Nikolaus Steinbeis na wenzake waliwachezesha watoto wa umri wa skuli ile michezo miwili niliyoieleza. Watoto wote walijua lipi ni la haki. Lakini wale wakubwa ndio walioongeza mgao pale mwenzao alipokuwa na nguvu ya kukataa. Wadogo hawakuongeza vile. Tofauti hiyo iliambatana na uwezo wa kuzuia pupa, na sehemu ya mbele ya ubongo inayochelewa kukomaa. Kwa hiyo hata mtoto asiye na usonji anaweza kuijua haki na bado mkono ukamtangulia.

Halafu mwaka 2013 wakaja Craig Smith, Peter Blake na Paul Harris wakatia mchanga kwenye hadithi hii nzuri. Waliwapa watoto wa miaka 3 hadi 8 vibandiko vya picha wagawane. Wadogo walisema wazi kwamba kugawana nusu kwa nusu ndiyo haki, kisha wakabakisha vingi kwao. Jambo la ajabu ni kuwa walipoulizwa mapema watafanya nini, walisema kweli: tutabakisha vingi. Mtu aliyeshindwa na pupa hushangaa mwenyewe baada ya kukosea. Hawa hawakushangaa. Walikuwa wameamua. Kwa hiyo kutogawa kunaweza kuwa kushindwa kujizuia, na kunaweza kuwa uamuzi uliopimwa, na kwa nje yote mawili yanafanana.

Na wenye usonji? Mwaka 2014 Hilde Geurts na wenzake walikusanya tafiti nyingi za kujizuia na kuzipima pamoja. Kwa wastani wenye usonji walipata taabu zaidi, lakini matokeo yalitawanyika sana, na kwenye ile aina ya kujizuia ya kusimamisha kitendo ulichokizoea, tofauti ilipungua kadiri watu walivyokua. Zaidi ya hapo, wengi wenye usonji wana pia ile hali ya kutotulia na kutokaza akili, na mpaka mwaka 2013 mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani haukuruhusu mtu mmoja kuandikiwa yote mawili. Tafiti za zamani kwa hiyo huenda zimeuhesabia usonji madeni ya jirani yake.

Vipimo hivi vinafanywa kwenye chumba kimya, mbele ya kompyuta: bonyeza ukiona herufi hii, acha ukiona ile. Mpwa wangu pengine angefaulu. Ana subira ya kuchambua karafuu na vikonyo tangu asubuhi mpaka jua kichwani, na hachanganyi hata kimoja, kazi ambayo mimi hunichosha kwa robo saa. Huyo si mtu asiye na stahamala.

Lakini magharibi ya Ramadhani si chumba kimya. Spika ya msikiti, redio ya jirani, sufuria, watu kumi na wawili kwenye mkeka, harufu ya tambi na samaki wa kukaanga kwa pamoja, nyuso mpya, na chakula kilichosubiriwa tangu alasiri. Kwa mtoto ambaye kila sauti inamwingia kwa ukali ule ule, nguvu ya kujizuia imekwisha kabla ya sambusa kufika mezani. Mkono wa ghafla ukaja. Alichokilinda pale, ninavyofikiri, hakikuwa chakula. Alikilinda kile kitu kimoja cha jioni ile ambacho kilikuwa bado kinakwenda kwa mpango: nne, zake, kwenye kisahani cha bluu.

Ukitaka kuhakikisha kama tatizo ni moyo, kanuni au mkono, badilisha jambo moja tu. Mwombe kitu kile kile asubuhi, pakiwa kimya, kwa maneno yenye hesabu: "Una nne. Mgeni anapata moja, wewe zinabaki tatu." Akitoa, moyo upo na kanuni ipo, kilichokwisha jana ni nguvu. Asipotoa, muulize sababu, na uwe tayari kwa jibu usilolitegemea. Mtoto mmoja mwenye usonji aliniambia: "Hakuniomba, alichukua." Alikuwa na haki.

Kumlazimisha mbele ya wageni ni njia mbovu kuliko zote, nayo ndiyo tunayoipenda. Mtoto anajifunza kuwa kugawana ni kunyang'anywa huku watu wakikutazama. Baadaye, akiwa mkubwa, hutoa kila anachoombwa ili tu kelele zisije. Na hapo ndipo upande wa pili wa jambo hili unapouma, ule ambao hausemwi kwa sababu haumsumbui mtu isipokuwa mwenyewe. Mtoto anayetoa mkate wake wote skuli kila siku hasumbui darasa, na hakuna mwalimu atakayekuita. Kijana anayekubali nusu ya ujira wa kuchuma karafuu kwa kuwa ndicho alichopewa hagombani na mtu. Tunamsifu mpole. Anapunjwa.

Nyumbani kwetu dada yangu alianza na mambo madogo. Sinia la pamoja halikufutwa, lakini mtoto ana sahani yake pembeni, na kilichomo hakiguswi na mtu yeyote, hata mgeni, hata mimi mjomba wake. Karibu yake kuna kisahani cha pili, cha wageni, na yeye ndiye anayekipanga kabla ya adhana, wakati nyumba bado imetulia. Kutoa kwake kumehamishwa kutoka dakika ya moto kwenda dakika ya baridi. Kuhusu fedha ana jibu alilofundishwa na kulikariri kama aya: "Nitamuuliza mama kwanza." Si suluhisho la maisha. Siku moja alimjibu hivyo mwenye duka aliyekuwa anataka tu kumrudishia chenji.

Ramadhani iliyofuata nilikuwepo alipotumwa kwa jirani na kachori kumi. Jirani akazipokea, akaosha sahani, na kwa kuwa sahani hairudi tupu, akatia tende. Mpwa wangu alikataa kuipokea. "Hizi si zetu." Ikabidi jirani atoke nje amweleze kuwa sasa ni zenu. Akaibeba kwa mikono miwili mpaka nyumbani, akaiweka mbele ya mama yake, akahesabu.

"Saba," akasema. "Sisi tulipeleka kumi."

Kisha akarudi kusimama mlangoni, anangoja tatu zilizobaki.